Kura ya mpangilio katika chama chenu: namna ya kuiandaa, kuipiga na kuihesabu bila kukosea

Vyama vingi vinavyojaribu kura ya mpangilio, yaani ile ya kuwapanga wagombea kwa namba 1, 2, 3 na kuendelea, hukwama mahali palepale. Watu wanapiga kura vizuri, sanduku linafunguliwa, kisha anayehesabu anajumlisha namba 1 zote, anaongeza namba 2 zote, na kumtangaza mwenye jumla kubwa. Huyo si mshindi. Ni matokeo ya hesabu ambayo mkutano haukuipitisha, na malalamiko yanayofuata huwa ya haki kabisa.

Mwongozo huu ni wa chama cha kuweka na kukopa, umoja wa wahitimu, kamati ya wazazi, au jumuiya ya walio ughaibuni: kundi la watu kama 30 hadi 500 wanaomchagua kiongozi mmoja kwa karatasi. Uchaguzi wa kamati nzima una hesabu yake, nayo iko mwishoni.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Mpiga kura anaandika 1 kwa anayemtaka kuliko wote, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. Mwenye namba 1 zaidi ya nusu ameshinda. Asipopatikana, mgombea wa mwisho anatolewa, na karatasi zake, zake tu, zinahamia kwa mgombea anayefuata kwenye kila karatasi. Hivyo hivyo hadi mmoja avuke nusu.

## Itawasaidia wapi

Faida kubwa kwa chama ni kwamba duru ya pili inakuwa imeshapigwa ndani ya karatasi ileile. Kila aliyewahi kuendesha mkutano mkuu anajua kinachotokea saa kumi jioni: matokeo ya duru ya kwanza hayana mshindi, wa mbali wameshafuata basi, na kiongozi anachaguliwa na waliobaki. Kwa kura ya mpangilio, aliyeondoka saa saba mchana sauti yake bado imo sandukuni hadi hatua ya mwisho.

Faida ya pili ni kwa mwenye mgombea mdogo. Hana sababu ya kukaa nyumbani akisema kura yake itapotea, wala ya kumwacha anayemwamini ili amzuie asiyemtaka.

Lakini msiwaahidi wanachama kwamba mfumo huu peke yake utajaza ukumbi. Australia iliingiza kura ya mpangilio mwaka 1918, na bado kwenye uchaguzi mkuu wa 1922 waliojitokeza hawakufika asilimia 60. Kilichobadilisha mambo ni sheria ya 1924 iliyofanya kupiga kura kuwa lazima: mwaka 1925 mahudhurio yalipita asilimia 91. Chama chenu hakiwezi kumlazimisha mtu, kwa hiyo hatua ya 2 hapa chini, ya kuwafikia walio mbali, ina uzito sawa na karatasi yenyewe.

## Vifaa na watu

Tayarisheni hivi kabla ya kutangaza tarehe:

- Karatasi za kura: idadi ya wanachama wenye haki ya kupiga kura, ongeza 10 katika kila 100 kwa watakaokosea na kuomba nyingine.
- Kitabu cha vishina chenye namba. Namba iwe kwenye kishina tu, isiwe kwenye karatasi inayoingia sandukuni, la sivyo kura si ya siri tena.
- Mhuri wa chama, wa kugonga nyuma ya kila karatasi inapotolewa.
- Sanduku lenye kufungwa na lakiri au utepe uliosainiwa na mawakala.
- Vituturi viwili kwa kila watu 100. Kupanga kwa namba huchukua muda kuliko kuweka tiki, na foleni ndefu hufukuza watu.
- Kalamu za rangi moja, zote za chama.
- Trei au maboksi: moja kwa kila mgombea, pamoja na tatu zenye maandishi ZILIZOHARIBIKA, ZA KUAMULIWA na ZILIZOISHIA NJIANI (karatasi zisizo na chaguo jingine la kuhamia).
- Mipira ya kufungia, vipande vya karatasi vya kuandikia lebo, bango kitita na kalamu nene, kikokotoo, na taa ya kuchaji.

Watu: msimamizi mmoja asiyegombea wala asiye ndugu wa mgombea, wahesabuji wanne wanaofanya kazi wawili wawili, mwandishi mmoja wa fomu, na wakala mmoja kwa kila mgombea. Wakala anaangalia. Hagusi karatasi.

## Hatua ya 1: Andikeni kanuni kabla ya kujua nani anagombea

Majina yakishajulikana, kila kipengele kitasomwa kama mtego kwa mtu fulani. Kwa chama cha ushirika, mabadiliko ya masharti hupita kwenye mkutano mkuu na kusajiliwa na mamlaka ya ushirika, hivyo anzeni mapema. Kwa umoja usio rasmi, azimio la mkutano lililoandikwa kwenye muhtasari linatosha.

Kanuni zijibu maswali haya, bila kubakiza lolote:

Mpiga kura apange wangapi? Ushauri wetu: angalau mmoja, na wengine kwa hiari. Australia inadai mpiga kura wa Baraza la Wawakilishi apange wagombea wote, na kwenye chaguzi za karibuni takriban kura 5 katika kila 100 zimekataliwa. Papua New Guinea inadai watatu tu. Kwenu, kuwa na hiari kutaokoa karatasi nyingi, ingawa baadhi zitaishia njiani.

Nusu ya nini? Hapa ndipo penye ugomvi. Kwanza, kura zilizoharibika zisiingie. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoulizwa mwaka 2013 kama kura zilizokataliwa zihesabiwe kwenye asilimia za wagombea urais, iliamua zisihesabiwe. Pili, amueni kama nusu ni ya kura halali zote za mwanzo au ya kura ambazo bado zina mgombea. Chagueni ya pili. Kwa ile ya kwanza, karatasi zikiisha njiani kwa wingi, mnaweza kubaki na wagombea wawili na hakuna hata mmoja aliyevuka.

Wakifungana mkiani? Anatolewa aliyekuwa na kura chache kwenye duru iliyotangulia. Wakiwa sawa huko nako, rudini duru ya nyuma zaidi. Wakiwa sawa tangu mwanzo, kura ya bahati mbele ya mawakala.

Wakifungana wawili wa mwisho? Tumieni kanuni ileile, au semeni mapema kwamba kutakuwa na uchaguzi wa marudio. Kisichokubalika ni kuamua usiku huo.

Karatasi yenye kasoro ihesabiwe vipi? Bandikeni hili ukutani:

- Tiki moja au alama X moja na hakuna namba: ichukuliwe kama 1.
- Tiki mbili au zaidi bila namba: imeharibika.
- Namba 1 mbili: imeharibika.
- Namba 1 ipo sawasawa, lakini 2 zimeandikwa mbili: ni halali kwa 1, na ikitakiwa kuhama inaishia njiani.
- Namba imerukwa, mfano 1 kisha 3: ile 3 ichukuliwe kama inayofuata.
- Hakuna 1, kuna 2 na 3: namba ndogo kuliko zote ichukuliwe kama ya kwanza tangu duru ya kwanza.
- Jina au saini ya mpiga kura: imeharibika, kwa sababu inaweza kuwa ushahidi wa kura iliyonunuliwa.

Msidhani kipengele cha namba 1 iliyoachwa wazi ni cha kupita haraka. Kwenye uchaguzi wa Novemba 2022, kaunti ya Alameda huko California ilitangaza mshindi asiye sahihi wa kiti cha bodi ya shule ya Oakland, kwa sababu mfumo wake wa kompyuta ulishughulikia vibaya karatasi zilizokosa chaguo la kwanza. Kosa liligunduliwa wiki kadhaa baadaye.

*Mmefanikiwa kama:* mtu ambaye hakuhudhuria mkutano anaweza kusoma kanuni na kuwajibu maswali haya yote bila kumpigia simu katibu.

## Hatua ya 2: Orodha ya wapiga kura, na walio mbali

Fungeni orodha siku 14 kabla, ibandikeni ofisini na kwenye kundi la simu la chama, na mpokee marekebisho hadi siku ya 7. Mwanachama anayegundua mlangoni kwamba jina lake halimo harudi tena mwaka unaofuata.

Wafanyakazi wa zamu, wagonjwa, na walioko Muscat, Doha au Minneapolis wapigie kwa bahasha mbili. Karatasi ya kura iliyogongwa mhuri inaingia bahasha ya ndani isiyo na maandishi yoyote. Bahasha hiyo inaingia ya nje yenye jina, namba ya uanachama na saini. Zikifika, msimamizi anazitunza bila kuzifungua. Siku ya kura, mbele ya mawakala, anakagua jina kwenye bahasha ya nje, anaweka alama kwenye orodha, anatoa ya ndani na kuiweka kando. Za ndani zote zikishakusanyika zinachanganywa, ndipo zinafunguliwa na karatasi kutumbukizwa sandukuni.

Hapa kura ya mpangilio inawapa walio mbali haki ambayo mfumo wa duru mbili unawanyima: hakuna muda wa kuwatumia karatasi ya pili, na hawaihitaji.

Onyo: picha ya karatasi iliyotumwa kwa simu si kura ya siri. Aliyeipokea anajua nani kamchagua nani. Kama posta haiaminiki, tumieni mjumbe anayesafiri na mfuko uliofungwa kwa lakiri.

## Hatua ya 3: Karatasi ya kura

Nusu ya karatasi ya A4 inatosha wagombea 6. Kila mgombea awe na mstari wake: picha, jina, kisha kisanduku kitupu cha sentimita moja na nusu kwa upande. Kisanduku kikiwa kidogo, watu hubana namba, na 1 na 7 huanza kufanana.

Mpangilio wa majina upatikane kwa kura ya bahati, na uwe mmoja kwenye karatasi zote. Kuna nchi zinazozungusha majina ili wa juu asipate faida, na kwa kompyuta ni vizuri. Kwa kuhesabu kwa mkono msifanye hivyo. Jicho la mhesabuji huzoea mahali pa jina, na karatasi zinazotofautiana zitaangukia trei zisizo zao.

Juu ya majina, andikeni maelekezo haya na si zaidi:

> Andika 1 kwa unayemtaka kuliko wote.
> Andika 2 kwa unayemtaka baada ya huyo, kisha 3, na kuendelea.
> Unaweza kuacha popote. Usirudie namba.

Kosa la mara kwa mara ni la wanaodhani wanagawa alama, wakampa 5 wanayempenda na 1 wasiyemtaka. Waelezeni kwamba ni kama nafasi za darasani: wa kwanza ndiye bora. Wekeni mfano uliojazwa ndani ya kila kituturi, wenye majina ya matunda, kamwe si ya wagombea.

Kwa wasioona, andaeni kigezo cha karatasi ngumu chenye matundu yanayolingana na visanduku, na nukta nundu au mikato ubavuni mwa kila tundu. Anayehitaji msaidizi amchague mwenyewe, na msaidizi asiwe wakala.

## Hatua ya 4: Zoezi la matunda

Wiki moja kabla, fanyeni uchaguzi wa mazoezi. Wagombea ni Embe, Ndizi, Nanasi na Papai. Watu 20 wanatosha, pamoja na wahesabuji wote watakaofanya kazi siku yenyewe. Hesabuni hadi mwisho, hata kama Embe imeshinda duru ya kwanza. Katika hali hiyo pigeni upya, maana bila kuhamisha karatasi hamjajifunza lolote.

Mkimaliza, teketezeni karatasi zote za mazoezi mbele ya watu, na karatasi za siku ya kura ziwe za rangi nyingine. Juni 2021, Bodi ya Uchaguzi ya Jiji la New York ilitoa matokeo ya awali ya kura ya mpangilio ya umeya yakiwa na kura za majaribio takriban 135,000 ndani yake, ikabidi iyaondoe siku hiyohiyo. Hesabu ilirekebishwa; imani haikurudi kwa kasi hiyo.

*Mmefanikiwa kama:* jozi zote mbili za wahesabuji zimehesabu rundo lilelile kwa zamu na kupata namba zilezile kwenye kila duru.

## Hatua ya 5: Siku yenyewe

Onyesheni sanduku tupu, lifungeni, mawakala wasaini utepe. Kura ianze mapema na iendelee huku ajenda nyingine zikijadiliwa. Kuiweka mwisho wa mkutano ni kuwapunguza wapiga kura kwa makusudi.

Anayekosea arudishe karatasi, ipigwe mstari na kuwekwa kwenye bahasha ya zilizorudishwa, apewe nyingine. Hesabu ya zilizorudishwa iandikwe.

## Hatua ya 6: Linganisheni kabla ya kuangalia nani kapata nini

Fungueni sanduku na mhesabu karatasi zikiwa zimegeuzwa uso chini, mhuri juu. Idadi hiyo ilingane na vishina vilivyotumika, toa zilizorudishwa, ongeza za bahasha kama hizo hazikuwa na vishina. Karatasi isiyo na mhuri inawekwa kando.

Zikizidi hata moja, simameni mtafute. Mkishaona majina, kila karatasi yenye shaka inakuwa na mwenyewe anayeitetea.

## Hatua ya 7: Duru ya kwanza

Geuzeni karatasi. Mmoja anasoma kwa sauti aliye na namba 1, mwenzake anathibitisha kwa macho na kuiweka kwenye trei ya mgombea. Yenye mashaka yoyote inakwenda ZA KUAMULIWA bila mjadala, na zote zinaamuliwa pamoja mwishoni kwa kanuni iliyo ukutani.

Namba 2 na 3 msiziangalie kabisa kwa sasa. Msiziandike, msizihesabu. Kuzisoma mapema ndiko kunakozaa kosa lililotajwa mwanzoni.

Fungeni rundo kwa mafungu ya 10, jozi nyingine ihesabu upya, kisha mwandishi aandike kwenye bango. Chukua mfano huu, kura halali 97:

Embe 36, Ndizi 29, Nanasi 20, Papai 12.

Nusu ya 97 ni 48.5, kwa hiyo anatakiwa mtu mwenye 49. Hayupo.

## Hatua ya 8: Kutoa na kuhamisha

Papai ana kura chache kuliko wote, anatolewa. Chukueni trei yake peke yake. Kwa kila karatasi jiulizeni swali moja: *kati ya waliobaki mezani, nani ana namba ndogo kuliko wote hapa?* Karatasi inahamia kwa huyo. Kama hakuna, inakwenda ZILIZOISHIA NJIANI.

Katika zile 12: saba zinakwenda kwa Nanasi, tatu kwa Ndizi, moja kwa Embe, na moja haina chaguo jingine.

Zilizohamia msizichanganye na za awali. Zifungeni na lebo "kutoka Papai, duru ya 2" na mziweke ndani ya trei ya mpokeaji. Ikidaiwa hesabu irudiwe, mtaweza kurudi nyuma duru moja badala ya kuanza upya. Karatasi yenyewe isiandikwe chochote.

Sasa Embe 37, Ndizi 32, Nanasi 27, zilizoisha 1. Jumla ni 97 tena. Zenye mgombea ni 96, anatakiwa wa 49. Bado.

Anatolewa Nanasi. Trei yake ina karatasi 27: zake 20 za mwanzo na 7 zilizotoka kwa Papai. Zote zinahama, kila moja kwa uzito uleule wa kura moja. Baadhi ya zile 20 zina Papai kwenye namba 2. Papai hayupo, hivyo mnamruka na kusoma namba 3. Wahesabuji wengi huzitupa karatasi hizi kwenye zilizoisha, na hapo wanamnyang'anya mwanachama kura yake.

| | Duru 1 | Duru 2 | Duru 3 |
|---|---|---|---|
| Embe | 36 | 37 | 43 |
| Ndizi | 29 | 32 | 50 |
| Nanasi | 20 | 27 | – |
| Papai | 12 | – | – |
| Zilizoisha | 0 | 1 | 4 |
| Jumla | 97 | 97 | 97 |

Ndizi ameshinda kwa 50 dhidi ya 43. Angalieni mstari wa mwisho: jumla haibadiliki hata siku moja. Duru yoyote ambayo jumla yake hailingani na idadi ya mwanzo ina karatasi iliyopotea au iliyohesabiwa mara mbili, na haitangazwi hadi ipatikane.

### Kwa nini msijumlishe namba 1 na 2

Rudini kwenye karatasi zilezile 97. Kati ya wapiga kura 36 wa Embe, 25 waliandika Nanasi namba 2. Wa Ndizi 14 nao waliandika Nanasi, na wa Papai 7. Mjumlishaji anapata Nanasi 66, Embe 50, Ndizi 50, Papai 17, na kumtangaza Nanasi.

Ubaya wake ni huu: wale 25 walimwandika Nanasi kama akiba, endapo Embe ataanguka. Embe alikuwa bado amesimama hadi mwisho, lakini namba 2 yao imetumika kumshinda. Wanachama wakishagundua hivyo, uchaguzi ujao kila mtu ataandika 1 tu na kuacha mengine wazi, na mfumo mzima utakuwa umekufa.

Kuna anayeweza kusema kwamba Nanasi, anayekubalika na kambi zote, ndiye angewaunganisha. Ni hoja yenye maana, na ipo mifumo ya kura inayomjali mtu wa namna hiyo. Ipelekwe kwenye mkutano wa kanuni kabla ya uchaguzi, isiletwe kwenye meza ya kuhesabia.

### Makosa mengine ya meza hii

Kusimama mapema: mhesabuji anaona Embe anaongoza kwa kura 7 na kusema mambo yamekwisha. Aliyeongoza duru ya kwanza anaweza kushindwa, na ndivyo mfumo unavyokusudiwa kufanya kazi.

Kutoa wawili kwa pamoja: inaruhusiwa tu ikiwa jumla ya kura zao wote wawili ni ndogo kuliko za anayewafuata juu. Nanasi 20 na Papai 12 ni 32, na Ndizi ana 29. Hapo hairuhusiwi, maana kura za Papai zingeweza kumpandisha Nanasi juu ya Ndizi. Kwa mara ya kwanza toeni mmoja mmoja tu.

Kusoma namba 2 ya karatasi inayohama kwa mara ya pili: zile 7 za Papai zilizokuwa kwa Nanasi zimeshatumia namba 2. Swali la "nani kati ya waliobaki ana namba ndogo" linawaepusha na kosa hili bila kukumbuka historia ya karatasi.

## Hatua ya 9: Kutangaza

Tangazeni jedwali lote, duru kwa duru, na si jina la mshindi pekee. Kwenye mfano wetu mtasema: Ndizi amepata kura 50 kati ya 93 zilizokuwa na mgombea duru ya mwisho, na kura halali za mwanzo zilikuwa 97. Mawakala wasaini fomu, nakala ibandikwe, picha yake itumwe kwenye kundi la chama.

Kabla ya kusoma, wakumbusheni watu kwamba anayeongoza mwanzo hana ushindi mkononi. Novemba 2018, katika jimbo la pili la uchaguzi la Maine huko Marekani, Bruce Poliquin aliongoza kwa chaguo la kwanza, kura zikahamishwa na Jared Golden akashinda. Poliquin alikwenda mahakamani na hakufanikiwa. Utaratibu ulikuwa umewekwa kabla ya kura kupigwa. Kwenu pia, kanuni iliyoandikwa mapema ndiyo itakayomjibu mlalamikaji.

Karatasi zirudishwe kwenye sanduku zikiwa na lebo zake zilezile, lifungwe, litunzwe hadi muda wa rufaa ulioandikwa kwenye kanuni upite. Siku 30 ni muda wa kutosha.

## Mkichagua kamati ya watu kadhaa

Msirudie utaratibu wa hapo juu mara tano ili kupata wajumbe watano. Kambi yenye nusu ya wanachama na mtu mmoja zaidi itazoa viti vyote, na walio wachache hawatakuwa na sababu ya kuja tena.

Tumieni mgawo. Gawanya kura halali kwa idadi ya viti ukiongeza 1, chukua namba kamili, kisha ongeza 1. Kura 120 kwa viti 5: 120 gawanya kwa 6 ni 20, ongeza 1, mgawo ni 21. Kila anayefikisha 21 amepata kiti.

Aliyezidi mgawo, ziada yake inahamia kwa wengine. Mgombea mwenye namba 1 mara 35 ana ziada ya 14. Pitieni karatasi zake zote 35, na kila moja ihamie kwa anayefuata ikiwa na thamani ya 14 gawanya kwa 35, yaani 0.4. Karatasi kumi zikienda kwa mtu mmoja, anaongezewa kura 4. Wenye ziada wakiisha na viti bado vipo, anatolewa wa mwisho kama kawaida, na karatasi zake zinahama kwa thamani zilizonayo.

Ireland na Malta huchagua wabunge kwa mgawo wa aina hii, ingawa ziada huihamisha kwa karatasi nzima badala ya desimali, kwa hiyo haiko nje ya uwezo wa watu. Ila desimali za hapa zinachosha usiku, na kosa moja la mapema hubebwa hadi mwisho. Uchaguzi wa kwanza tumieni kura ya mpangilio kwa mwenyekiti pekee. Wahesabuji wakishaweza kuhamisha karatasi bila jumla kuyumba, mwaka unaofuata wapeni kamati, na siku hiyo wawepo waandishi wawili wanaoandika fomu mbili tofauti na kulinganisha kila duru kabla ya kuendelea.